Taa nyekundu ya joto ikiwaka na matenga yako nyuma

Najua mmezoea nikiandika hapa ni mambo ya kantangaze na mbolea ya kukuzia, ila leo naomba tuongelee gari. Nyanya inaweza kupona kantangaze, ikapona ukungu, halafu ikaja kufia barabarani.

Msimu fulani nilipanda kirikuu ya kijana mmoja mkulima, tunatoka bondeni huku Ilula kwenda Iringa mjini. Nyuma matenga 14 ya nyanya, mbele sisi wawili. Kwenye kilima ikawaka ile taa nyekundu yenye picha ya kipimajoto kwenye maji. Akaniuliza, "Bwana shamba, tusimame?" Nikamwambia twende tu tumalize kilima, huko juu hatukosi maji. Baada ya dakika chache taa ikazima yenyewe, tukafurahi kweli. Hatukufika mbali. Injini ikaisha nguvu, moshi mweupe ukatoka nyuma, gari ikazima. Fundi alipofungua akakuta silinda hedi imepinda na gasketi imeungua. Nyanya zililala pale, kesho yake tukauza kwa bei ya kutupa. Yule kijana hakunilaumu, lakini hela iliyotengeneza hedi ndiyo ilikuwa ya mbegu za msimu uliofuata. Ushauri ulikuwa wangu.

Kilichonidanganya ni taa kuzima. Sensa ya joto inasoma joto la maji yanayoigusa. Maji yakishuka ikabaki kwenye hewa na mvuke, haisomi tena vizuri, kwa hiyo taa inaweza kuzima au mshale ukarudi chini wakati chuma ndani kinazidi kuungua. Taa ikizima wakati bado unapanda na mzigo, na hujafanya chochote cha kuipoza injini, usiseme gari imepona. Hapo ndipo pa kuogopa zaidi.

Gari nyingi ndogo za Kijapani za siku hizi hazina mshale, zina taa tu. Ya bluu ikiwaka asubuhi ni injini bado baridi, ikipata moto inazima, hiyo isikupe presha. Nyekundu ni joto limezidi. Kuna gari nyingine zina taa tofauti ya kiwango cha maji. Hiyo ikiwaka injini inaweza kuwa bado haijachemka, ila maji yamepungua na unatakiwa kuangalia mapema.

Nyekundu ikiwaka, zima AC, washa hita ya ndani mpaka mwisho (inatoa joto kwenye injini, mtavumilia jasho), tafuta pa kuegesha salama, zima injini. Halafu subiri nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta cha moto. Maji yale yako kwenye presha na yanaruka usoni, watu wameungua. Ukishaweza kushika mpira wa juu bila kuungua, weka kitambaa, fungua taratibu. Na usimwage maji ya baridi kwenye injini yenye moto, chuma kinaweza kupasuka. Mteja sokoni atakupigia simu mara kumi. Mwache apige.

Sasa ndipo unauliza maji yameenda wapi, maana rejeta nzima hainywi maji. Kama kila siku unaongeza, kuna mahali yanatoka. Angalia chini asubuhi kabla hujawasha. Angalia mipira yote kwa kuibonyeza, hasa kwenye klipu, na utafute alama kavu za rangi ya kulanti au chumvi nyeupe. Wota pampu ikichoka mara nyingi inavuja kwenye kitundu kidogo karibu na puli. Ile kirikuu yetu ilikuwa na ufa kwenye mpira wa chini, kitu ambacho tungekiona asubuhi ile kama mmoja wetu angeinama.

Usipoona mvujo nje, shuku ndani. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu yasiyoisha injini ikiwa inanguruma, au mpira wa juu ukiwa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini baridi, mara nyingi ni gasketi ya hedi. Hiyo usisafirie.

Kama maji yapo na bado inachemsha, jiulize inachemsha wapi. Ikichemsha kwenye foleni au ukiwa umesimama unapakia, halafu ukikimbia inapoa, anza na feni: fyuzi, rilei, waya, au mota yenyewe. Ikichemsha kwenye kilima na mzigo tu, mara nyingi hewa au maji hayapiti vya kutosha kwenye rejeta. Na hapa sisi wakulima tuna ugonjwa wetu. Gari inapita kwenye majani na matope, pumba zinaziba matundu ya rejeta kwa mbele. Safisha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa feni kuja mbele. Ukipiga presha kubwa unalaza yale mabati membamba na umejiharibia.

Mpira mmoja wa moto sana na mwingine wa baridi ni dalili ya themostati iliyoganda au rejeta iliyoziba ndani. Mafundi wengi wataing'oa themostati na kukuambia "sasa imepona". Mimi sikubaliani nao. Injini itakaa baridi muda mrefu na kula mafuta zaidi, na kwenye injini nyingi kuitoa kunaacha njia ya pembeni wazi, maji ya moto yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Nunua nyingine.

Kifuniko cha rejeta hakipewi heshima yake. Huku kwetu juu, kwenye mita kama 1,500, maji yanachemka karibu nyuzi 95, sio 100 kama pwani. Kifuniko ndicho kinachoshika presha na kupandisha kiwango hicho zaidi ya nyuzi 20. Raba yake ikikatika, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba mpaka yanamwagika. Nunua chenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, mfano 0.9 au 1.1.

Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ugaga ndani kama kwenye birika la chai. Tumia kulanti, ile isiyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Usiamini rangi peke yake, soma kopo. Na jamani, kulanti ina utamu lakini ni sumu, usiiweke kwenye chupa ya soda wala usiimwage mbuzi wanapokunywa.

Yule kijana siku hizi ana kidumu cha lita tano nyuma ya siti, na kabla ya kupakia tenga la kwanza anafungua boneti injini ikiwa baridi. Juzi nilimkuta anabadilisha mpira wa juu ambao kwangu ulionekana mzima kabisa. Akanionyesha kwa ndani, ulikuwa umeshaanza kuvimba.