Mwezi Mpevu, Bamvu na Mitetemeko ya Ardhi

Mwezi unapokuwa mpevu na bahari kujaa hadi kwenye kuta, si ajabu kusikia wakazi wa Pwani wakiulizana kama tsunami inakuja. Ile ya Desemba 26, 2004 ilisababishwa na mtetemeko mkubwa karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, na siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Saa 9 hivi baadaye mawimbi yalifika Kenya na mtu mmoja akafariki.

Swali hilo lina msingi. Mvuto wa mwezi na jua hauvuti maji pekee. Hata ardhi ngumu huinuka na kushuka kidogo kila siku bila mtu kuhisi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, ndipo wavuvi wanapoona bamvu. Uzito wa maji hayo nao hukandamiza sakafu ya bahari, kisha kuiachilia yanapokupwa.

Lakini nguvu hiyo ni ndogo mno. Mtetemeko hutokea pale miamba iliyosukumana kwa miaka mingi, pengine karne, inapoteleza ghafla. Mkazo wa bamvu ni kama sehemu moja kwa elfu ya ule unaoachiliwa wakati huo. Ni sawa na kuongeza kilo moja ya sukari kwenye mkokoteni uliobeba tani nzima: ekseli iliyokaribia kukatika itakatika, nzima haitajali.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kuwa mitetemeko mikubwa sana, ikiwemo ya Sumatra, huelekea kutokea wakati mkazo huo uko juu. Mwaka 2018, Susan Hough, mtaalamu wa mitetemeko kutoka Marekani, alichunguza mitetemeko mikubwa ya karne nne na hakupata tarehe ya mwezi inayopendelewa. Bamvu huja mara mbili kila mwezi. Mitetemeko ya namna hiyo ni nadra. Anayetangaza siku ya tsunami kwa kuangalia mwezi anabahatisha.

Wakazi wanashauriwa kufuata tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla wakati si wa kupwa, waelekee mahali pa juu mara moja bila kusubiri tangazo, hata kama ni maji mafu.