Kunguni Hangoji Majira

Kila mwaka, pepo za kaskazi zianzapo kuvuma na joto kuzidi, wakazi wa Dar es Salaam husikika wakilalamika kwamba kunguni wameingia nyumbani. Twapenda kusema wazi: hawakuingia, walikuwamo. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wangaliweza kuongeza, na kitandani mwako.

Jambo hili lina hesabu yake. Penye joto la digrii 28 hadi 30 za Sentigredi, kunguni apatapo damu ya kunywa hutoka katika yai na kuwa mzima kwa majuma manne hivi. Penye digrii 18 safari hiyo huchukua miezi minne hivi. Basi Dar es Salaam, ambako hata mchana wa Julai joto hukaribia digrii 29, mdudu huyu hapumziki. Hupunguza mwendo tu. Na huko Njombe, baridi ya Juni humfanya ajikunyate ufani, akae miezi bila kula. Anayedhani amekufa anajidanganya.

Kosa letu, basi, ni kungoja. Wakati wa kipupwe hatuumwi sana, nasi twashukuru na kulala. Kumbe huo ndio wakati wa kumshambulia, maana hazaani upesi.

Silaha tunayo. Joto lile lile limlealo, likizidi, humwua: lipitapo digrii 50 hawezi kustahimili, ijapokuwa mayai yake ni sugu zaidi. Maji yanayochemka na yamwagwe katika viungo vya kitanda na nyufa za mbao; shuka na zichemshwe. Kuanika godoro juani ni vema, lakini hakutoshi, kwani jua halifiki ndani, na kunguni hukimbilia upande wa kivuli. Tena, yasipokufa mayai yote, wengine huanguliwa baada ya juma moja au zaidi. Kwa hiyo hapana budi kazi irudiwe kila baada ya siku kumi, mara ya pili na ya tatu.

Lakini hayo yote ni bure ikiwa mpangaji mmoja atasafisha chumba chake na wenzake watano wakae kimya kwa kuona haya. Kunguni si ushahidi wa uchafu. Huja na mzigo wa msafiri au kitanda kilichonunuliwa mnadani, na hupenya ukuta asiulize kodi hulipwa na nani. Haijathibitika kwamba huambukiza watu maradhi, lakini mfanyakazi aliyejikuna usiku kucha hufika kazini amechoka, na mtoto wake husinzia darasani.

Nyumba nzima na ikubaliane siku moja, vitanda vyote vitolewe uani, na moto ukokwe. Tusingoje kaskazi ituamshe.