Zilipotea Njia, Zikafika

Moyo, na kando yake mshale unaotazama juu: furaha. Mshale ukitazama chini, huzuni. Weka kialama kama paa la kibanda juu ya umbo, nalo linakuwa tendo. Lugha nzima imejengwa hivyo. Haina sauti hata moja. Kila mtu anaisoma kwa lugha ya mama yake.

Aliyeibuni ni Charles Bliss, mhandisi wa kemia aliyezaliwa mwaka 1897 Czernowitz, mji wa lugha nyingi zisizopatana. Mwaka 1938 Wanazi walimfunga katika kambi ya mateso ya Dachau, kisha ya Buchenwald. Alipoachiwa alikimbilia Uingereza, kisha Shanghai. Huko alianza kujifunza hati za Kichina, na siku moja akashtuka: mabango ya madukani alikuwa akiyasoma kwa lugha yake mwenyewe, si kwa Kichina. Akaamini amepata dawa ya vita, maandishi ambayo mwanasiasa hawezi kuyapindisha. Mwaka 1949, akiwa Australia, alijichapishia kitabu. Mkewe, Claire, akatuma barua kwa maelfu ya wasomi na wakubwa. Kimya.

Mwaka 1971, katika kituo cha watoto wenye ulemavu mjini Toronto, Shirley McNaughton na wenzake walikuwa wakihangaikia watoto wenye mtindio wa ubongo, wasioweza kusema wala kushika kalamu. Wakakutana na alama za Bliss. Wakazipanga kwenye ubao, ubao ukakaa juu ya kiti cha magurudumu mbele ya mtoto. Anayeweza ananyoosha kidole. Asiyeweza anaelekeza macho. Akikosa neno “usiku”, anaonyesha alama ya kinyume, kisha “mchana”. Watoto waliodhaniwa hawana la kusema wakaanza kulalamika, kutania, kukataa chakula.

Bliss alifurahi kupita kiasi, akafunga safari hadi Toronto. Kisha akakasirika. Walimu walikuwa wakiongeza na kurekebisha alama, na, kosa kubwa zaidi machoni pake, wakizifanya ngazi ya kumpandisha mtoto kwenye Kiingereza. Ugomvi ukafika kwa wanasheria, ukadumu miaka. Leseni ya kudumu ya kuzitumia alama hizo ilipatikana mwaka 1982. Mzee akafariki 1985.

Ni rahisi kumcheka, kama tunavyomcheka mfadhili anayekuta chandarua chake kikitumiwa kuvulia dagaa. Mimi simcheki. Aliyetoka Buchenwald na wazo moja ana haki ya kuling'ang'ania. Lakini tazama ubao ule kwa karibu: kila alama ina neno la Kiingereza lililochapwa pamoja nayo. Bila neno hilo, muuguzi wa zamu asingejua mtoto anaomba maji au anaomba ageuzwe. Kilichomuudhi mbunifu ndicho kilichompatia mtoto mtu wa kuzungumza naye.

Alama zilivuka hadi nchi nyingine, Uswidi ikiwa mojawapo. Huko neno linaloandamana na ule moyo wenye mshale ni la Kiswidi.