Chombo kipimwe kwanza, ndipo tushuke

Juzi ku mukutano wa sendika yetu tulibishana juu ya kifaa cha kupima hewa kule chini ya shimo. Kijana moja akauliza: « Ile mashini yenyewe, nani aliipima mara ya mwisho? » Watu wote kimya.

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1852, pale Cape Town, Livingstone alikuwa anajitayarisha kwa safari iliyomfikisha Luanda. Hakukimbilia njia. Alienda kwanza kwa Thomas Maclear, mukubwa wa nyumba ya kuangalia nyota, ili ajifunze vizuri kupima na sekstanti.

Kwa saa za safari, kazi njo hii: siku mingi unalinganisha saa na nyota. Hautafuti saa isiyokosa, maana haiko. Unatafuta kujua inakimbia ao inachelewa sekunde ngapi kwa siku, unaandika. Dunia inageuka digrii 1 kwa dakika 4. Saa ikikudanganya dakika moja tu, karibu na ikweta, kijiji kinahama kilometa 28 hivi ku karta. Termometa nayo inatiwa mu maji yanayochemka: ku bahari ni digrii 100, hapa Lubumbashi, mita karibu 1200 juu, ni kama 96. Kwa njia hiyo walijua urefu wa inchi.

Basi, Januari 1867, Livingstone akiwa njiani kuelekea Tanganyika, mupagazi aliyebeba saa aliteleza, akaanguka. Saa zikabadili mwendo, vipimo vya longitudo vikaharibika. Mwaka uleule alifika ku ziwa Mweru, mupakani mwetu.

Ni rahisi kumulaumu yule mupagazi. Lakini ilikuwa majira ya mvua, njaa ilikuwa kali, na elimu yote ya safari ilikuwa juu ya mabega yake. Kutayarisha chombo ni kutayarisha pia mutu anayekibeba.

Ndiyo maana sisi tunaomba mambo matatu: kila kifaa kipimwe mbele ya kushuka, tarehe na kosa lake viandikwe mahali kila mufanyakazi anaweza kusoma, na anayekibeba afundishwe, tena ale vizuri. Livingstone alipoteza kilometa ku karta. Sisi tukikosa, tunapoteza watu.