Rejeta Mpya kwa Injini ya Zamani

Atokaye Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Nyangezi huushuka mlima wa Ngomo mpaka Kamanyola. Kushuka kuna hatari zake, lakini injini huona taabu wakati wa kurudi. Motokaa ya zamani, iliyojaa watu na mizigo, hupanda polepole kwa gia ndogo. Upepo haiupati, na katikati ya mlima maji huanza kutokota. Hapo dereva hana budi kusimama mahali pembamba, na abiria wake wamo hatarini pamoja naye.

Yafaa tujue sababu. Pwani maji huchemka kwa joto la digrii 100. Huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kimetiwa springi iyabane maji. Kifuniko cha bar 0.7 huyawezesha kuvumilia digrii 110 na zaidi. Basi wengine husema: tutie kifuniko cha motokaa mpya, chenye nguvu zaidi, nasi tutapona. Hasha! Rejeta ya shaba ya miaka 60, iliyoungwa kwa lehemu, pamoja na mipira iliyochoka, haikuundwa kwa nguvu hiyo. Itapasuka, na pengine mbele ya uso wa mtu.

Tutwae mfano wa Land Rover ya Series II, iliyotoka mwaka 1958, na injini yake ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja nayo. Mwenyewe apata rejeta ya aluminiamu iliyotolewa katika motokaa ya Kijapani. Ni nyepesi, nayo hupoza vema. Lakini apime kwanza: midomo yake iko upande upi, na upana wake ni sawa na ule wa mipira? Isifungwe kwa bolti kavu juu ya chasisi, maana chasisi hujipinda katika mashimo ya barabara, na aluminiamu hupasuka. Iwekwe juu ya vipande vya mpira. Tena isijazwe maji matupu ya mtoni, bali maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, kwani aluminiamu na chuma cha injini vikikutana katika maji mabaya huliwa upesi.

Jambo linalowatatiza mafundi wengi ni feni ya umeme. Feni moja huweza kula amperi 15 au zaidi, na dinamo ya zamani hutoa 20 na kitu, tena injini ikizunguka kwa kasi. Washa taa usiku mlimani, na betri itakufa. Atakaye feni hiyo atie alternata kwanza, pamoja na rilei na fyuzi. Vilevile magari mengi ya Kiingereza ya siku zile yalifungwa chanya kwenye bodi. Fundi asiyeangalia hilo hufunga feni ikazunguka kinyume, ikausukuma upepo mahali usipotakiwa. Kwa maoni yetu, feni ya mkanda yenye kava zuri la kuuelekeza upepo huwafaa wengi, wala haiombi umeme.

Kuna kifaa kidogo cha kisasa tunachokisifu bila wasiwasi: chupa ya kupokea maji yanayofurika. Zamani maji hayo yalimwagika njiani. Kwa chupa hurudi injini ipoapo, ila kifuniko kizibe vema juu na kiwe na mlango wa kuyavuta tena.

Na termostati? Wengi huitupa wakidhani huzuia maji. Lakini katika injini ambazo termostati huziba pia njia ya mkato, ikiondolewa maji ya moto hurudi injinini yasipite katika rejeta, na joto huzidi. Inunuliwe mpya ya digrii 82 hivi, itumbukizwe sufuriani ipashwe moto, itazamwe kama yafunguka, ndipo ifungwe.