Mkuki, Kitara na Kifaru: Kisa cha Askari wa Ulani wa Poland

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ukweli wa methali hii unadhihirika katika kisa cha askari wa ulani, wapandafarasi wepesi wa Poland, wanaodaiwa kuvishambulia vifaru vya Ujerumani kwa mikuki mwaka 1939.

Neno ulani hunasibishwa na neno la Kituruki lenye maana ya kijana. Liliingia Poland kupitia kwa Watatari waliotumikia majeshi ya Poland na Lithuania. Silaha iliyowatambulisha askari hao ilikuwa mkuki mrefu wenye kibendera karibu na ncha. Walisifika mno katika vita vya Napoleon, hata Uingereza ikaunda vikosi vya mikuki mwaka 1816.

Hata hivyo, kufikia mwaka 1939 mkuki ulikuwa umeondolewa vitani na kubakia pambo la gwaride. Farasi alikuwa hasa chombo cha usafiri: kwa kawaida askari aliwasili kwa farasi, akashuka, akapigana kwa miguu. Tarehe 1 Septemba 1939, kijijini Mokra, brigedi ya wapandafarasi ilitumia mbinu hiyo, pamoja na mizinga midogo ya kupigia vifaru, ikaizuia divisheni nzima ya vifaru kwa siku hiyo.

Siku iyo hiyo, karibu na Krojanty, wapandafarasi wa kikosi cha Kanali Kazimierz Mastalerz waliwavamia askari wa miguu wa Kijerumani kwa vitara, ili kuwachelewesha wakati Wapoland wengine wakirudi nyuma. Wajerumani walitawanyika. Ghafla magari ya deraya yakatokea na kuwamiminia wapandafarasi risasi. Mastalerz mwenyewe aliuawa.

Baadaye wanahabari, akiwemo Mwitalia Indro Montanelli, walipelekwa mahali hapo. Waliona mizoga ya farasi na maiti za askari, wakaelezwa kuwa hao walikuwa wamevishambulia vifaru. Propaganda ya Ujerumani ilikikuza kisa hicho ili kuwadhihaki Wapoland. Ajabu ni kwamba Wapoland wengine nao walikipokea kama ishara ya ushujaa; filamu ya Andrzej Wajda iitwayo Lotna (1959) inamwonyesha mpandafarasi akiupiga mtutu wa kifaru kwa kitara.

Ni bayana, basi, kwamba dhihaka na sifa zote mbili ziliwadhulumu marehemu. Hawakufa kwa kutojua kifaru ni nini. Walikufa wakitekeleza amri iliyokuwa na shabaha. Mhakiki wa simulizi yoyote hana budi kuuliza kwanza: ni nani aliyesimulia, na alisimama upande gani wa uwanja?