Maneno ya Mezani mjini Kisangani

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Pwani, aketipo kula mjini Kisangani kwa mara ya kwanza, huenda akadhani kuwa lugha yake ameiacha njiani. Ataletewa liboke, atasikia pondu na sombe zikitajwa kwa pamoja, kisha ataalikwa nganda. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kuwa maneno hayo si uharibifu wa lugha, bali ni kumbukumbu ya historia ya mji.

Kisangani ni mahali zilipokutana njia mbili. Kutoka magharibi, meli hupanda Mto Kongo kiasi cha kilomita 1,700 tangu Kinshasa hadi zinapozuiwa na maporomoko ya Boyoma. Kutoka mashariki, katika karne ya 19, ilifika misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliteuliwa kuwa liwali wa eneo hilo chini ya Mfalme Leopold II. Njia ya mto ilileta Kilingala. Misafara ilileta kilimo cha mpunga pamoja na Kiswahili, ambacho huko kilipewa jina la Kingwana, kutokana na Waungwana.

Athari za njia hizo zimo sahanini. Samaki mwenyewe ni wa wenyeji: Wagenya, wavuvi wanaomtega kwa madema makubwa yanayofungwa kwenye miti iliyosimikwa penye maji makali. Akifungwa katika majani mapana na kuivishwa juu ya makaa, huitwa liboke, neno la Kilingala lenye maana ya furushi. Wingi wake ni maboke. Majani ya muhogo, ambayo Mtanzania huyaita kisamvu, ni sombe kwa Kiswahili cha Kongo na pondu kwa Kilingala. Nalo neno nganda asili yake ni kambi ya wavuvi kandoni mwa mto. Mjini limekuwa jina la mahali pa kunywa bia na kula. Maana imepanuka bila kupoteza kiini chake: ni pale mtu anapopumzika baada ya kazi.

Hapa pana suala la haki kwa mwanafunzi. Mwalimu anayelipigia mstari mwekundu neno liboke huyaacha chapati na achari yapite, ingawa nayo ni ya kuazima. Tofauti ni kwamba hayo yaliletwa na bahari, na liboke limeletwa na mto. Hatusemi kuwa Kiswahili sanifu kiachwe; mitihani na vitabu vinakihitaji. Tunasema kuwa kamusi haina budi kuyapokea maneno haya, na kuyaonyesha mahali yanapotumika. Lugha inayokula pamoja na jirani yake hujifunza pia majina ya vyakula vyake.